Msanifu majengo aliyependa udongo: je, lazima aache kimoja?

"Shikamoo mtaalamu. Nilihitimu usanifu majengo miaka minne iliyopita na nimeajiriwa kwenye ofisi ya wasanifu. Tangu mwaka jana nafinyanga jioni na mwisho wa wiki, na kusema kweli moyo wangu sasa uko kwenye udongo kuliko kwenye michoro. Bosi ameniruhusu nitengeneze vigae vya ukuta mmoja wa ndani, wa mapokezi, upana mita 3 na kimo mita 2.4. Nilikata vigae vya milimita 200 kwa 200, vikatoka tanurini vina 176. Vingine vimeinua pembe, na glezi, ule mpako wa kioo wa juu, imejaa nyufa nyembamba zilizotapakaa. Nikaongeza asilimia 12 kwenye kipimo, bado havikufika 200. Wenzangu wananiambia mshika mbili moja humponyoka. Mimi natamani falsafa moja ya ubunifu inayoonekana kwenye jengo na kwenye chombo, ila sijui ianzie wapi. Niache ajira? Na hivi vigae nivifanyeje?"

Marahaba. Hofu yako kubwa, nionavyo, si vigae. Unaogopa kufika mbali kwenye maisha ya kazi ukiwa nusu msanifu na nusu mfinyanzi, huku wasanifu wakikuona mfinyanzi na wafinyanzi wakikuona msanifu. Vigae vilivyopinda vimekuja kuipa hofu hiyo ushahidi. Mimi naona kinyume chake. Ukuta huo wa mapokezi ndio mahali pako pa kuanzia, kwa sababu kigae ni kitu ambacho msanifu na mfinyanzi wanakiwajibikia kwa pamoja: mmoja anajua kitakaa wapi, mwingine anajua kitatoka tanurini vipi, na wewe unajua yote mawili, au unakaribia kuyajua. Suala la kuchagua nitaligusa kwanza, kisha nitakaa sana kwenye vigae, maana falsafa unayoitafuta haiko mbali navyo.

Wanaokuambia uchague wanadhani usanifu na kauri ni ajira mbili zisizojuana. Kazi za watu waliofanya yote mawili hazionyeshi hivyo. Gio Ponti, Mwitaliano, alihitimu usanifu Milan mwaka 1921. Mwaka 1923, kabla hajawa na majengo mengi ya kuonyesha, alikabidhiwa uongozi wa ubunifu katika kiwanda cha kauri cha Richard-Ginori, akakaa huko hadi 1930. Hakwenda kupumzika na michoro. Kazi yake ilikuwa kufanya vyombo vizalishwe kwa wingi bila kupoteza hadhi, na kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1925 kauri hizo zilipata tuzo kuu. Sasa tazama ujuzi ule ulikoishia. Mnara wa Pirelli wa Milan, uliokamilika mwaka 1960, umevikwa vipande vidogo vya kauri. Hoteli ya Parco dei Principi kule Sorrento ina sakafu za vigae vya buluu na nyeupe, michoro michache ikipangwa kwa namna nyingi kutoka chumba hadi chumba. Kanisa la San Francesco al Fopponino, pale Milan, limefunikwa vigae vyenye nyuso za mteremko ili mwanga ubadilike juu ya ukuta kadiri jua linavyosogea. Miaka ya kiwandani haikumpotezea Ponti majengo. Ndiyo iliyompa ngozi ya majengo yake.

Ettore Sottsass alihitimu usanifu Torino mwaka 1939. Katikati ya miaka ya 1950 akaanza kauri na kiwanda cha Bitossi kule Montelupo Fiorentino, na muda si mrefu akawa pia anabuni mashine za ofisi za kampuni ya Olivetti. Mwaka 1967 alionyesha Milan nguzo ndefu za kauri zilizopangwa kipande juu ya kipande. Kwa nini vipande? Tanuri la kawaida halimezi nguzo inayomzidi mtu kimo, na kipande kirefu cha udongo hukauka juu kabla ya chini, kikapasuka. Njia ya kulizunguka tanuri ndiyo ikawa sura ya kazi yenyewe. Alirudi kwenye nyumba kwa nguvu baada ya 1980, na nyumba zake zina tabia ileile: maumbo mazito, yanayojitegemea, yamewekwa moja kando au juu ya jingine.

Kuna jambo moja ambalo picha huficha, nalo ni muhimu kwa uamuzi wako. Watu hawa hawakufanya kila kitu kwa mikono yao. Walikuwa na mafundi wa kiwanda waliojua udongo, glezi na moto kuliko wao. Ukisema "nataka kufanya yote mawili", jiulize unataka kufinyanga au unataka kubuni kauri. Ni maisha mawili tofauti. La kwanza linakula saa na mgongo. La pili linahitaji ujue udongo kiasi cha kuzungumza na fundi bila kudanganywa na bila kumwomba lisilowezekana.

Kinachozitenganisha kazi hizi mbili ni muda. Jengo huchukua miaka kutoka mchoro wa kwanza hadi watu waingie, na kosa la mwaka wa kwanza unalifahamu mwaka wa tatu. Kigae kinakujibu ndani ya wiki nne hadi sita: siku moja au mbili za kukanda na kukata, wiki moja na nusu ya kukausha, uchomaji wa kwanza, glezi, uchomaji wa pili, na siku za kupoa katikati. Kwa mwaka mmoja unaweza kupata majibu manane au kumi ya swali moja. Ndiyo sababu moyo wako umehamia kwenye udongo, na si jambo la kuonea aibu: umeonja kazi inayokujibu. Ila usichukulie raha hiyo kuwa ushahidi kwamba usanifu haukufai. Huenda ofisi yako inakunyima tu nafasi ya kujaribu.

Twende kwenye vigae, tuanze na kipimo. Kigae cha 200 kilichotoka na 176 kimepungua 24, yaani asilimia 12 ya kipimo cha udongo mbichi. Uliongeza asilimia 12 juu ya 200, ukakata 224. Lakini udongo haupungui asilimia 12 ya kile unachokitaka, unapungua asilimia 12 ya kile ulichokata: 224 ukitoa asilimia 12 yake ni 197. Hesabu sahihi ni kugawanya: kipimo unachokitaka gawanya kwa 0.88. Kwa 200 kamili ungekata 227. Kosa la milimita 3 linaonekana dogo mezani, lakini likirudiwa mara 15 kwenye upana wa ukuta wako ni karibu milimita 45, ukanda mtupu unaoonekana tangu mlangoni.

Hata hivyo, usikate 227. Hapo ndipo msanifu ndani yako alipaswa kusema neno. Unachopanga ukutani ni moduli, yaani kigae pamoja na mwanya wake wa grauti, ule ujazo wa katikati ya vigae. Mita 3 kwa mita 2.4 kwa moduli ya 200 ni vigae 15 kwa 12, jumla 180, bila kukata hata kimoja. Vile vya 197 ulivyoviona vimeshindwa vingeingia kwenye moduli hiyo kwa mwanya wa milimita 3. Tatizo lake ni kwamba mwanya huo ni mwembamba mno kwa kigae cha mkono. Kanuni ya ubandikaji inasema mwanya usipungue mara tatu ya tofauti kati ya kigae kikubwa kabisa na kidogo kabisa. Kigae cha mkono kilichotengenezwa kwa uangalifu bado hutofautiana milimita 1 hadi 1.5. Kwa hiyo weka mwanya wa 5 na kigae cha 195. Gawanya kwa 0.88, unapata karibu 221.5. Hicho ndicho kipimo cha kukata, iwapo asilimia 12 ni ya kweli kwa udongo wako, kwa unene huo na kwa joto hilo.

Na hilo la mwisho huwezi kulichukua kwenye karatasi ya muuzaji. Kata vipande vitano vya majaribio, urefu milimita 140, upana 40, unene uleule wa kigae. Kwenye kila kimoja chora mstari wa milimita 100 kamili ukiwa bado mbichi. Kausha, choma mara zote mbili, kisha pima mstari. Ukisoma 88.2, udongo umepungua asilimia 11.8, mstari wa 100 unakupa jibu bila hesabu. Weka vipande hivyo sehemu tofauti za tanuri: juu, katikati, chini, karibu na mlango na karibu na koili. Vikitofautiana, si udongo unaokudanganya. Ni joto. Udongo husinyaa kadiri unavyoiva, na kuiva kunategemea kiwango cha joto pamoja na muda uliokaa humo, kwa hiyo namba ya kipima joto cha tanuri peke yake haikutoshi. Tumia koni za kupimia uchomaji, vipande vidogo vinavyolainika na kuinama vikipata joto la kutosha, moja kila rafu, zikuonyeshe kwa kuinama kwake kilichotokea hasa pale. Rafu ya juu ikiinamisha koni kabisa na ya chini ikabaki imesimama, utakuwa na vigae vya vipimo viwili na rangi mbili kwenye ukuta mmoja.

Udongo wa ukuta wote uchanganye kwa pamoja. Kigae kibichi cha 221.5 chenye unene wa milimita 11 kina uzito wa karibu kilo 1. Unahitaji 180, lakini tengeneza 260, maana hasara ya asilimia 25 hadi 30 ni ya kawaida kwa anayefanya mara ya kwanza. Pamoja na mabaki ya kukata, andaa kilo 310 hivi. Mabaki usiyarudishe kwenye kundi lilelile. Udongo uliolowekwa upya una maji tofauti na husinyaa tofauti. Yawekee kazi nyingine.

Kupinda kuna chanzo chake. Chembe za udongo ni bapa na nyembamba mno, na kila unapousukuma hulala kuelekea upande wa msukumo. Ukisukuma bamba upande mmoja tu, umeshalipa mwelekeo wa kusinyaa. Ukiliinua kwa mikono likakunjika kidogo kisha ukalinyoosha, jicho litaona limenyooka, lakini chembe zimeshapangika kwa mkunjo ule, na moto utaurudisha. Sababu ya tatu ndiyo ya kawaida kuliko zote: uso wa juu na kingo hukauka kwanza, husinyaa, na kuzivuta pembe juu wakati upande wa chini bado una maji.

Kwa hiyo tumia udongo wenye chenga za udongo uliokwisha kuchomwa, asilimia 20 hadi 25, unaosinyaa kidogo na kupitisha maji kwa urahisi. Sukuma bamba kati ya vipande viwili vya mbao vyenye unene wa milimita 11, ukiligeuza robo mzunguko na kulipindua kila baada ya misukumo michache. Kulipindua, liweke kati ya mbao mbili bapa ugeuze zote kwa pamoja, mikono isiliguse. Usikate kipimo cha mwisho udongo ukiwa laini. Kata kikubwa kidogo, subiri ufikie ugumu wa ngozi, yaani unashikika bila kubonyea, kisha kata kwa kigezo cha chuma cha 221.5. Nyuma chonga mifereji sambamba yenye kina cha milimita 2, ili gundi ipate pa kushika na kigae kikauke kwa usawa. Panga vigae kati ya bodi za jasi, weka uzito mwepesi juu, na badilisha bodi zilizolowa kwa zilizokavu kila siku kwa siku 7 hadi 10. Ukikishika shavuni na kukiona baridi, bado kina maji.

Tanuri lipandishe polepole hadi nyuzi 90 hivi, chini ya kiwango cha kuchemka, si zaidi ya nyuzi 60 kwa saa, na ulishikilie hapo saa mbili au tatu. Maji yakichemka ndani ya kigae hugeuka mvuke na kukivunja vipande. Karibu na nyuzi 573 chembe za kwatzi, madini yaliyomo kwenye udongo, hubadilika ukubwa ghafla, wakati wa kupanda na tena wakati wa kushuka, kwa hiyo pita hapo taratibu safari zote mbili. Uchomaji wa kwanza uishie nyuzi 950 hadi 1000. Kwenye rafu nyunyiza tabaka jembamba la unga wa alumina, kigae kipate kuteleza kinaposinyaa. Kikishikwa na rafu, huchanika au hupinda. Na kila kigae kilale peke yake kwenye uchomaji wa glezi, si juu ya mwenzake.

Nyufa za glezi wengi huzilaumu kwa kufungua tanuri mapema. Kufungua mapema kunaweza kuziharakisha, lakini mara nyingi si chanzo. Glezi ni kioo kilichoyeyukia juu ya udongo na kushikamana nao. Vyote viwili vikipoa husinyaa, na glezi ikisinyaa kuliko udongo ulioibeba, inabaki imevutwa pande zote hadi ipasuke. Yenye sodiamu na potasiamu nyingi ndiyo husinyaa zaidi. Tiba ni kuongeza silika, yaani madini ya mchanga, iliyosagwa laini: tengeneza sampuli nne za glezi yako, moja bila kitu, nyingine zikiwa na nyongeza ya asilimia 3, 6 na 9, uzichome pamoja. Kisha zijaribu: ziweke kwenye friza usiku kucha, zitumbukize kwenye maji yanayochemka, rudia mara tatu, na upake wino ili nyufa zionekane. Punguza pia unene wa glezi, kwani tabaka nene hupasuka haraka zaidi. Usizidishe silika kupita kiasi. Glezi ikibanwa mno na udongo huanza kubanduka kwenye kingo vipande vikali kama wembe, na ukutani hilo ni baya kuliko nyufa.

Na nikuambie ukweli: kwenye ukuta mkavu wa mapokezi, nyufa hizo si ugonjwa. Zinaweza kuwa uamuzi, alimradi umezichagua, zinafanana ukuta mzima, na mteja ameona sampuli na kukubali kwa maandishi. Kwenye bafu, jikoni au chombo cha chakula, hapana. Maji na uchafu huingia humo, na udongo ambao haujaiva vizuri hufyonza unyevu, ukatanuka kidogokidogo, na nyufa mpya zikazuka miezi kadhaa baada ya kubandika. Kupima ufyonzaji ni rahisi: pima uzito wa kigae kisicho na glezi kikiwa kikavu kabisa, kichemshe saa mbili, kiache humo saa nne, futa kwa kitambaa chenye unyevu, pima tena. Ongezeko gawanya kwa uzito mkavu. Chini ya asilimia 3 kigae kimeiva vizuri. Zaidi ya 10, kibaki ndani, mahali pakavu.

Kuhusu falsafa, hapa kuna dhana ninayotaka uiache. Unadhani falsafa huandikwa kwanza, halafu kazi zikaifuata. Kwa wabunifu wa aina hii huja kwa njia nyingine: mtu anang'ang'ania swali moja la vitendo, analijibu kwenye kitu kidogo na kwenye kitu kikubwa, na baada ya miaka watu wanauona mwenendo wake na kuuita falsafa. Jørn Utzon, kwenye jumba la opera la Sydney, alilazimika kupata umbo la mapaa ambalo lingeweza kujengwa kwa vipande vinavyorudiwa. Jibu alilolifikia mwaka 1961 ni kuyakata mapaa yote kutoka tufe moja, lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Tufe lina mkunjo uleule kila mahali, kwa hiyo paneli za vigae ziliweza kutengenezwa kwa kalibu chache zinazorudiwa. Vigae vyenyewe, zaidi ya milioni 1, vina upande wa milimita 120, vya aina mbili, cheupe kinachong'aa na cha maziwa kisichong'aa, vikatengenezwa na Höganäs ya Uswidi baada ya miaka kadhaa ya majaribio. Ukitazama jengo lile unaona jibu la swali la kigae: kitu kidogo kisichobadilika kinawezaje kuvika kitu kikubwa kilichojikunja?

Ray Meeker, aliyesoma usanifu kabla ya kauri, alipeleka swali mbali zaidi kule Pondicherry, India: alijenga nyumba za matofali mabichi, akazijaza bidhaa za udongo, akazichoma nzima, nyumba ikiwa tanuri na bidhaa kwa pamoja. Sikushauri ujaribu. Nakutajia uone swali linavyoweza kuwa moja kwenye kikombe na kwenye paa.

Lako tayari lipo mezani, ingawa hujalipa jina. Unahangaika na kitu kinachosinyaa bila kukutii, ndani ya mpango unaodai milimita. Msanifu mmoja angesema: nitakiminya hadi kitii. Mwingine angesema: nitaacha mwanya mpana uonekane, na tofauti za vigae ziwe ndizo uhai wa ukuta. Wa tatu angesema: nitavipanga vilivyo vidogo chini na vikubwa juu, tofauti iwe mchoro. Haya ni majibu matatu ya swali lilelile, na kila moja lingekuongoza pia kwenye ukubwa wa dirisha, unene wa ukuta na mdomo wa kikombe. Chagua moja ulijaribu kwa mwaka mzima. Jibane: udongo mmoja, glezi mbili, familia moja ya vipimo. Kwenye karatasi moja chora mkato wa kikombe kwa ukubwa wake halisi, na kando yake mkato wa ukuta kwa 1:5. Angalia ukingo unavyokutana na mwanga, unene unavyobadilika, kiungo kinavyofichwa au kuonyeshwa. Michoro kumi ya namna hiyo itakuambia unachokijali kuliko insha ya kurasa ishirini.

Ila jihadhari na mtego mmoja: kukuza chombo kiwe jengo. Kitu kikiongezwa vipimo vyote mara mbili, uzito wake huongezeka mara nane, lakini eneo linaloubeba huongezeka mara nne tu. Mkazo unakuwa mara mbili, na umbo lililosimama kwa raha kwenye meza linaanza kujiponda. Ndiyo maana jengo lenye sura ya chungu mara nyingi huonekana limekosea hata kabla hujajua kwa nini. Kinachovuka kutoka chombo kwenda jengo ni namna ya kufikiri kuhusu kiungo, ukingo, marudio na uso. Umbo lenyewe huachwa mezani.

Niache ajira? Sasa hivi, hapana, na sababu zangu ni za kiutendaji. Katika nchi nyingi jina la msanifu majengo linalindwa na sheria, na miaka ya kazi chini ya usimamizi ndiyo inayokufikisha kwenye usajili. Kama hujasajiliwa, maliza. Mfinyanzi mwenye usajili wa usanifu anaweza kuketi mezani na mkandarasi na kusaini anachokisema. Asiye nao atabaki muuzaji wa vigae, hata akiwa na kipaji kikubwa. Pili, bado hujajua gharama yako. Kwenye ukuta huu andika saa zote: kukanda, kukata, kugeuza, kupanga tanuri, kuchambua, kusafirisha. Zigawe kwa mita za mraba 7.2. Watu wengi hushtuka kuona walidhani saa 8 kwa mita moja kumbe ni 25. Bila namba hiyo huwezi kutoa bei, na bei ya kubahatisha ndiyo inayofunga karakana nyingi changa, si ukosefu wa vipaji.

Kuna njia tatu mbele yako. Kuacha kabisa kunakupa muda wote, lakini kunakukata na miradi inayohitaji vigae vyako. Kubaki kama ulivyo kutakuchosha: tanuri halijui kwamba kesho una kikao saa mbili asubuhi, na kazi za usiku ndizo zinazokaushwa haraka na kupinda. Ya tatu, ninayoipendelea kwako, ni kumwomba bosi akukabidhi rasmi kazi za kauri na nyuso za majengo ndani ya ofisi, hata siku moja kwa wiki, na uzalishaji mkubwa mkaupeleka kwa karakana au kiwanda chenye tanuri kubwa huku wewe ukitengeneza sampuli. Akikataa, basi punguza siku za kazi kabla ya kuacha. Acha kabisa ukiwa na angalau kazi mbili zilizolipwa na kukabidhiwa, hasara ya tanurini iliyo chini ya asilimia 15, na akiba ya miezi sita. Na kabla ya ukuta huu kuanza, kubalianeni kwa maandishi mchoro wa kigae ni wa nani, wako au wa ofisi, na nani anabeba lawama kigae kikianguka.

Hapo kwenye kuanguka usitegemee jibu langu. Vigae vyako vilivyochomwa vina karibu kilo 21 kwa mita ya mraba, na ukiongeza gundi na grauti unafika 26 au zaidi. Miongozo ya ubandikaji ya Uingereza huweka ukomo wa kilo 20 kwa mita ya mraba juu ya plasta ya jasi, na 32 juu ya bodi ya jasi isiyopakwa plasta. Kwa hiyo inategemea ukuta wa mapokezi umejengwa na nini, na hilo alitazame mhandisi au fundi mzoefu akiwa amesimama mbele yake. Ukuta wa nje, au wowote unaozidi kimo cha ghorofa moja, usiuguse bila mhandisi wa miundo. Huko vigae huhitaji mianya ya kutanuka na mara nyingi vishikio vya chuma. Umeme wa tanuri ukaguliwe na fundi umeme mwenye leseni. Ukitengeneza vyombo vya chakula vyenye glezi yako mwenyewe, peleka sampuli maabara zipimwe kama zinatoa madini yenye sumu ya risasi au kadimiamu, hata kama hukutia makusudi.

Na vumbi. Udongo mkavu na silika utakayoongeza kwenye glezi vina chembe zinazoharibu mapafu polepole, na ukishaugua silikosisi hakuna dawa ya kurudisha mapafu yalivyokuwa. Usifagie karakana, futa kwa maji. Usipige msasa kigae kikavu ndani ya chumba. Unapopima na kuchanganya unga, vaa barakoa ya N95 au bora zaidi inayobana uso vizuri, si ya kitambaa. Ukipata kikohozi kisichoisha au pumzi ikianza kukata unapopanda ngazi, nenda hospitali, na jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba unafanya kazi na udongo na silika, na tangu lini.